Kapu la Funguo

Paluku alikuwa chini ya gari na hakutoka.

"Nimeshaona viatu vyako, OPJ," alisema kutoka kulekule chini. "Viatu vya mutu wa kuuliza maulizo. Uliza tu, masikio iko inje."

Bisogo aliokota ndoo ya oili iliyokuwa tupu, akaipindua, akaikalia. Wakongomani wote wa Grant Street, mjini Buffalo, walimwita OPJ, kwa sababu kule Uvira aliwahi kuwa ofisa wa upelelezi, na kwa Kifaransa jina la cheo hicho hufupishwa hivyo. Marekani cheo hakikuvuka naye. Alipakia maboksi kwenye depo mpaka mgongo ukakataa, ndipo wanasheria fulani wa Columbus wakamchukua awatafutie ukweli kwa watu ambao wao hawakuweza hata kuwasalimia.

"Vani ya Mama Grâce ulifanya nini ndani?" aliuliza.

"Oili. Breki za nyuma. Balbu moja."

"Na kompyuta?"

Paluku alijivuta, akatoka kwa mgongo, uso mweusi kwa grisi, macho mekundu.

"Donc, basi, umekuja kunifunga mimi," alisema.

"Nimekuja kuuliza."

"Kule kwetu ndio mulikuwa munaanza vile. 'Nimekuja kuuliza.' Kesho yake mutu iko ndani."

Matusi ya namna hiyo Bisogo alishayazoea, na mengine yalikuwa ya haki.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni ya Kestrand ilitengeneza magari ya dizeli yenye kompyuta iliyofundishwa kusema uongo. Gari likifungwa kwenye mashine ya kupima moshi, kompyuta inajua kwamba inapimwa, inasafisha moshi, inakuwa na adabu. Gari likirudi barabarani, adabu inaisha, bomba linatema sumu kwenye vifua vya watu. Wakubwa wa kampuni walijua. Walikaa kwenye viti vyao vya ngozi, wakanywa kahawa yao, wakajua, wakauza. Kwa magari madogo walishabanwa hadi wakakiri. Kwa vani zao walikataa katakata, wakasema hizo ni safi. Na vani hizo, zilipozeeka na kupelekwa mnadani, zilinunuliwa na nani? Zilinunuliwa na wakimbizi wa Kivu, watu waliobeba wenzao kila siku kwenda depo za Louisville, viwanda vya Columbus, na nyumba za kutunza wazee za Buffalo. Madereva wa miji hiyo mitatu waliungana kudai fidia katika kesi moja. Jina la kwanza kwenye kesi lilikuwa la Nabintu, mama yake Grâce, dereva wa mtaa wa Riverside, Buffalo.

Nabintu aliapa mbele ya wanasheria kwamba gari lake liko kama alivyolinunua, na kwamba ufunguo wake haujawahi kushikwa na mtu mwingine isipokuwa fundi wake. Halafu mashine ikafungwa kwenye mabomba, vani zikapimwa zikiwa barabarani. Zote safi. Ya Louisville safi, ya Columbus safi, ya Nabintu safi kuliko zote.

Mwanasheria wa kampuni alisimama, suti imenyooka, akasema hawa watu ni waongo waliokuja kutafuta vya bure. Jumatatu hakimu angesikia ombi lake: kesi itupwe, na kiapo cha Nabintu kipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Nabintu alikuwa anasubiri uraia. Mtu mwenye kiapo cha uongo Marekani haimpi uraia, inamwonyesha mlango.

Na leo ilikuwa Jumamosi.

"Naamini kuna mtu alizisafisha kwa siri kabla hazijapimwa. Nionyeshe," Bisogo alisema. "Mtu akitaka kubadilisha hiyo akili ya gari, anafanya nini?"

Paluku alifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilizidi kuichafua. Alifungua mlango wa vani iliyokuwa karibu, akainama, akaelekeza kidole chini ya usukani. Kulikuwa na tundu pana lenye meno ya chuma.

"Unachomeka mashine hapa. Unafungua kontakti, umeme wa gari, kwa ufunguo, lakini haukamate moteri, isiwake. Unangojea. Akili ya zamani inatoka, mupya inaingia. Muda wa kula fufu na kunawa mikono."

"Mashine hiyo unayo?"

"Ya kusoma makosa, iko. Ya kubadilisha akili, hapana. Ile ni ya kampuni, na ya wakubwa wa kampuni. Garage ya Grant Street, nani atatupatia?" Akacheka bila furaha. "Na Louisville nilifika lini mimi? Columbus nilifika lini? Toka nifike huku sijavuka hata Rochester."

Hilo lilikuwa kweli. Bisogo alishaulizia. Alimshuku Paluku kwa sababu moja tu, kwamba ndiye fundi wa pekee aliyegusa gari la Nabintu. Lakini Mizero, dereva wa Louisville, alikuwa na fundi wake, Mmeksiko. Kalisa, dereva wa Columbus anayekaa kitongoji cha Hilliard, alijibadilishia oili mwenyewe nyuma ya nyumba na kupigiwa kelele na majirani.

"Kioo chochote kilivunjwa?" aliuliza. "Kufuli kuna alama?"

"Hakuna. Niliangalia mimi mwenyewe. Ule mutu alikuwa na ufunguo, OPJ." Paluku alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Usinitafute mimi. Tafuta ufunguo."

*

Nabintu aliendesha kama alivyoongea, haraka na bila kuomba samahani. Alikuwa amewashusha wafanyakazi wa zamu ya mchana, na Bisogo alimwomba warudi kwa njia ya daraja la Grand Island, lile linalopanda juu kama mgongo wa ng'ombe kabla ya kushuka upande wa pili wa mto. Theluji ilikuwa imesukumwa pembeni. Vani ilianza kupanda, ikaguna, ikapunguza mwendo.

"Sikia," Nabintu alisema. "Sikia inavyolia! Mbele nilikuwa napanda hapa na watu wamejaa mpaka mlangoni, niko naimba. Sasa niko na weye peke yako, na haukunona, na inashindwa."

"Ilianza lini kushindwa?"

"Nilishasema kwa wale wazungu. Majira ya wageni. Siku kwaya ya Louisville walikuja. Bon, tukatoka kanisani, tukasema tupeleke wageni kuona maporomoko ya Niagara, kama kila siku. Hapa hapa, ku daraja hii, gari ikakufa nguvu. Na Président Olivier akanipita! Amebeba kwaya nzima, ngoma, masufuria, wamama benye kunona, ananipita, ananipungia mkono." Alipiga usukani. "Na gari yake ni sawasawa na yangu. Tulinunua ku mnada moja."

Olivier alikuwa mwenyekiti wa umoja wa madereva wa miji yote mitatu. Aliishi Louisville, na kila kwaya ilipotembelea mji mwingine, yeye ndiye aliyeibeba. Watu walimwita Président, naye aliitika.

Kitu kililia kwenye dashibodi. Taa ya njano ikawaka, na maneno yakatokea kwenye kioo kidogo nyuma ya usukani.

"Inasema nini?" Bisogo aliuliza.

"Naijua? Ni Kingereza. Soma weye mwenye kazi na wanasheria."

"Inataka ile dawa ya kusafisha moshi."

"Tena? Niliweka juzi! Sasa inakunywa kama mulevi." Nabintu alisonya. "Na mbele ilikuwa inanisemesha Kifaransa. Paluku ndiye alinipangia. Grâce akaichezea, akaiweka Kingereza. Nilimugombeza mpaka sauti ikaisha. Unajua alinijibu nini? 'Mom, I didn't touch it.' Unaona? Hata kukataa, anakataa kwa Kingereza."

Bisogo alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Simama," alisema.

"Ku daraja? Unataka tukufe?"

"Ukifika chini, simama."

Bisogo alipokuwa Hilliard, wiki hiyohiyo, Kalisa alimwomba amsomee neno lililowaka kwenye dashibodi. Bisogo alimsomea, akaendelea na maswali yake ya maana. Kalisa alilalamika kwamba mkwe wake alimharibia gari kwa kuliweka Kiingereza. Na Mizero, kule Louisville, si alisema baridi imeharibu dashibodi yake, imesahau Kifaransa? Bisogo alicheka siku ile. Alidhani ni mzaha wa mzee.

Kila nyumba ilikuwa na mtu au kitu chake cha kulaumu. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza kwa jirani.

Nabintu alisimamisha gari penye uwazi, chini ya daraja. Bisogo alimpigia Paluku kwanza.

"Akili mpya ikiingia kwenye kompyuta, lugha inakuwaje?"

"Lugha gani?"

"Ya dashibodi. Uliyoipanga Kifaransa."

Upande wa pili chuma kilianguka sakafuni kwa kishindo.

"Inarudi ya kiwanda," Paluku alisema polepole. "Kingereza. OPJ, inasahau yote. Kwa nini sikuwaza?"

"Mimi pia sikuwaza, na nililiona mara tatu."

Alimpigia Kalisa. Alimpigia Mizero. Aliwauliza wote swali moja, lugha ilibadilika lini, na wote wawili walizungukazunguka kabla ya kutua palepale. Kalisa alisema ni baada ya kwaya ya Louisville kwenda kwao Columbus. Mizero alisema ni baada ya ibada kubwa ya kuiaga kwaya hiyohiyo kabla haijaanza safari.

"Na ufunguo, mzee, uliwahi kumpa mtu?"

"Mimi?" Mizero alikasirika kwenye simu mpaka Nabintu akasikia. "Ufunguo wangu ninalala nao! Kalamu mulinipa niweke mkono, niliweka. Sasa unaniita muongo?"

Bisogo alikata simu, akamgeukia Nabintu. Ufunguo wake ulikuwa kwenye kamba shingoni, ukining'inia juu ya koti. Kamba ilikuwa ndefu ili aweze kuwasha gari bila kuivua.

"Mama Grâce. Hiyo kamba unaivua lini?"

"Nikioga."

"Na wakati mwingine?"

"Hakuna. Niliapa, na siapi uongo. Hakuna mutu nampatia."

"Kanisani unakaa nayo shingoni?"

"Kanisani?" Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anakula. "Kanisani naweka mu kapu. Lakini ile si kumpatia mutu. Ile ni kapu."

Upepo wa mtoni ulisukuma gari kidogo. Nabintu aliushika ufunguo shingoni, akautazama.

Kila kanisa lao, katika miji yote mitatu, lilikuwa na kapu. Watu hawa hawakuwa na majengo. Walikodi maduka yaliyofungwa na maghala yenye viwanja vidogo, wakayapanga magari moja nyuma ya jingine mpaka hakuna lililoweza kutoka bila jingine kusogezwa. Basi kila dereva aliingia na kuacha ufunguo mlangoni, kwenye kapu la zamani la sadaka, na mtu mmoja akakaa nje kusogeza magari pale mgonjwa au mwenye zamu alipotaka kuondoka. Ibada ilikula nusu ya siku. Hakuna aliyefikiri kwamba ametoa ufunguo. Alikuwa ameuweka nyumbani mwa Mungu.

"Siku ya wageni," Bisogo aliuliza, "kapu lilikuwa na nani?"

Nabintu alifikiri. Uso wake ulibadilika kabla ya sauti.

"Wazee wetu walikuwa na kazi ya kukaribisha wageni. Président akasema, 'Hapana, ingieni wote, mukae karibu na wageni. Mimi nitabaki inje.' Kwa baridi ile! Pasta akamusifu mbele ya watu. Akasema, angalieni unyenyekevu wa kiongozi. Na mimi nilimupelekea chai, OPJ. Nilimupelekea chai, na mandazi mawili ndani ya kitambaa."

*

Jumapili, Président Olivier alikuwa tena mlangoni mwa kanisa la Buffalo na kapu.

Alikuwa amekuja kutoka Louisville kwa ajili ya kesi ya kesho yake, kuwa pamoja na watu wake, kama alivyosema. Alivaa koti refu la sufu na kofia ya manyoya. Bisogo alimkuta kwenye kiwanja cha nyuma, kati ya vani zilizobanana, nyimbo zikitokea ukutani.

"OPJ! Ndugu yangu. Hauingii kusikia neno?"

"Nitasikia kutoka hapa. Baridi haikusumbui, Président?"

"Mutu akitumikia batu, hasikii baridi."

"Columbus pia ulitumikia?"

"Kila fasi, kila mahali." Olivier alitabasamu, kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Ongea na Mama Grâce, weye anakuheshimu. Atoe jina lake leo. Atoe, na ile kesi itajifia polepole, kampuni haitamufuata. Nimesikia vile."

"Umesikia kwa nani?"

"Batu banaongea."

"Watu gani? Mimi nafanya kazi na wanasheria wetu, na mimi sijasikia. Wewe umesikia kwa wanasheria wao?"

Olivier aligeuza kapu mikononi, funguo zikalia.

"Huyu ni mujane mwenye mtoto," alisema. "Nataka kumusaidia. Mutu mudogo hapigani na mutu mukubwa, OPJ. Weye na mimi tulitoka mu inchi tunaijua."

"Nchi ile mkubwa alikuwa anakuja na bunduki. Alikuwa hatumi mwenyekiti."

Tabasamu lilikaa pale lilipokuwa, lakini macho yalihama. Yalikwenda kwenye vani nyeupe karibu na njia ya kutokea, gari pekee ambalo halikubanwa na jingine.

"Ufunguo wa hiyo uko kapuni?" Bisogo aliuliza.

"Hiyo ni yangu. Ninakaa nao mu mfuko. Mimi si niko hapa?"

"Ni ya kesi pia. Wanasheria wanasema uliahidi kuileta ipimwe."

"Ilikuwa garage. Iko na mambo mengi."

"Na imetoka Louisville mpaka hapa."

"Kwa neema."

Ibada ilipokwisha watu walimiminika nje, mvuke ukitoka midomoni, watoto wakiteleza kwenye barafu, kinamama wakikemea. Wenye zamu ya mchana walijaa kwenye vani ya Nabintu. Nabintu alichukua ufunguo kapuni, akaingia, akazungusha. Kimya. Akazungusha tena. Kimya.

"Betri!" aliita. "Batu ya zamu itachelewa!"

Paluku alikuwa amesimama mbali, mikono mifukoni. Ndani ya mfuko mmoja kulikuwa na fyuzi ya gari la Nabintu.

"Sogeza moja karibu, tuunge nyaya," Paluku alisema kwa sauti ya uvivu. "Ya Président ndiyo haikubanwa."

"Yangu betri haiko na nguvu," Olivier alisema upesi.

"Toka Louisville?" mama mmoja aliuliza. "Uliisukuma?"

Watu walicheka. Mwingine akadakia kwamba labda kwaya ndiyo iliyosukuma, ndiyo maana walikuja wakiimba kwa pumzi fupi. Kicheko kikaongezeka. Pasta naye alitoka, akisugua mikono, akasema, "Président wetu, tusaidie, batu wasipoteze kazi." Na Olivier, aliyejijengea jina kwa kusaidia mbele za watu, hakuwa na pa kwenda. Aliliweka kapu chini, akatoa ufunguo mfukoni. Alikwenda kwenye gari lake polepole.

Bisogo alishafika mlango wa pili. Aliketi kiti cha abiria kabla Olivier hajafunga wake, simu yake ikiwa imeinuliwa kifuani, ikirekodi.

"Unafanya nini mu gari yangu?"

"Naota joto. Washa."

Nabintu alikuja akasimama upande wa dereva, mlango ukiwa bado wazi. Olivier alizungusha ufunguo nusu. Kioo kidogo cha dashibodi kikawaka. Dizeli kwenye baridi haiwaki mara moja, inapasha moto kwanza na kukwambia usubiri. Nabintu aliinama, akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa Kifaransa chake cha shule ya msingi:

"Préchauffage. Patientez."

Hakuna aliyecheka sasa. Kalisa hakuwapo, Mizero hakuwapo, lakini madereva wengine wanne wa Buffalo walikuwa wamekaribia, na mmoja alisema taratibu, kana kwamba anaota, "Hata yangu ilikuwa inasema vile."

"Na yangu."

"Yangu mimi nilimupiga mtoto juu yake."

"Ni lugha tu," Olivier alisema. "Mutu anapanga lugha anayotaka. Hiyo ni kosa?"

"Si kosa," Bisogo alisema. "Wote walipanga Kifaransa. Zikabadilishwa akili, zikasahau, zote, katika miji mitatu, kila moja siku ambayo wewe ulikuwa na kapu. Imebaki moja tu inayokumbuka, kwa sababu mwenye mashine alijua kwamba akili mpya inaua nguvu. Akawaulia wengine nguvu, yake akaiacha. Ulimpita mama huyu kwenye daraja, Président. Umebeba kwaya nzima. Ukampungia mkono."

"Washa moteri," Paluku alisema. "Washa, tusikie harufu."

Olivier hakuwasha. Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani na kuitazama.

"Walisema ni kurekebisha tu," alisema mwishowe. "Walisema gari zitakuwa nzuri, moshi utakuwa safi, batu hawatakohoa. Si ndilo mulikuwa munataka?"

"Nani alisema?"

"Ule bosi wa kampuni, wa Columbus. Tulikutana Hilliard, mu parking ya duka. Akanipatia mashine, akanionyesha. Nilimurudishia."

"Na wewe akakuahidi nini?"

"Kontra, mkataba wa kazi." Sauti ilishuka. "Kubeba wafanyakazi wote wa depo zao. Gari mupya, na madereva chini yangu. Nyinyi wenyewe mungepata kazi kwangu! Nilikuwa nafikiria nyinyi."

"Chini yako," Nabintu alisema.

"Mama Grâce..."

"Usiniite hivyo." Hakupaza sauti, na kwa sababu hiyo watu wote walisikia. "Mimi ninapumua moshi ule toka Grâce hajaota meno. Niliambiwa na wazungu niape, nikaapa. Ulikuwa umekaa kiti cha nyuma yangu, ulisikia ninaapa kwamba ufunguo haujashikwa na mutu. Ulisikia, na vidole vyako vilikuwa vimeushika. Wangenirudisha kule, Olivier. Ungekuja kuniaga ku uwanja wa ndege na kapu?"

Pasta alisogea na kusema kwamba mambo haya ni ya ndani, yaongelewe ofisini, yasipelekwe kwa wazungu, jina la kanisa litachafuka. Alikuwa mtu mpole na hakuwa ameshiriki chochote. Lakini ndivyo wanavyosema siku zote wenye viti vya mbele: mwizi akiwa mkubwa, mambo huwa ya ndani.

"Pasta," Bisogo alisema, "moshi haukuwa wa ndani."

Alizima kurekodi, akapiga namba ya mwanasheria wa Columbus. Alieleza kwa Kiingereza kifupi: imepatikana vani moja ambayo haikuguswa, iko kwenye kesi, mwenyewe aliahidi kwa mkono wake kuileta ipimwe, na amekiri mbele ya watu. Alisikiliza. Alikata.

"Wanasema isiwashwe tena hadi mashine yao ifike. Jioni watakuwa hapa. Kesho itakwenda barabarani na bomba lililofungwa, mwanasheria wao mwenye suti akitazama." Alimgeukia Nabintu. "Na wewe kesho utasema kuhusu kapu, wewe mwenyewe, kabla hawajakuuliza. Sema ulikosea, na sema kwa nini. Hakimu akiona hiki nilichorekodi, ataelewa ni nani alikuwa muongo."

"Nitasema," Nabintu alijibu. "Na chai nitasema."

Paluku alirudisha fyuzi. Vani ya Nabintu iliwaka, ikakohoa, ikatulia, Nabintu akaizima na kurudi na ufunguo shingoni, na wenye zamu wakaanza kupiga kelele kwamba wanachelewa. Olivier alishuka kwenye gari lake. Ufunguo ulikuwa bado umechomekwa. Aliangalia kapu lililokuwa chini kwenye theluji, kisha akauchomoa na kuinama auweke humo, kwa mazoea, kama kila Jumapili mbele ya macho ya watu.

Mkono wa Nabintu ulifika kabla. Aliuchukua ufunguo ule wa vani nyeupe, akavua kamba shingoni, akaupitisha kwenye kamba pamoja na wa kwake, akaifunga mafundo mawili na kuirudisha ndani ya koti, juu ya ngozi.

Kisha akalipiga teke kapu. Lilibingirika kwenye barafu hadi ukutani, funguo zikamwagika pande zote, na madereva wakainama mmoja mmoja, kila mtu akitafuta wa kwake.